Kijitabu cha maisha ya Magnitsky: mafumbo matamu, mkuu wa shule kasahauliwa

Kijitabu hiki nilikikuta katika duka la vifaa vya shule lililo jirani na soko la Mwanga, hapa Kigoma, kikiwa kimebanwa kati ya kaunta buku na maboksi ya chaki. Kwa kuwa nimefundisha hisabati kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu, macho yangu hayakuweza kuipita picha ya jaladani, yaani mnara mrefu wa kizamani, na chini yake jina moja tu: Magnitsky, Mrusi aliyefundisha hisabati karne tatu zilizopita. Binti anayeuza pale, ambaye mama yake alipita mikononi mwangu darasani, aliona ninavyokigeuzageuza.

“Shikamoo mwalimu. Hicho tangu kiletwe hakijaulizwa na mtu.”

“Marahaba mwanangu. Unakiuzaje?”

“Elfu sita. Wewe nipe tano.”

Nilitoa hiyo elfu tano, na ninaandika haya ili mzazi au mwalimu mwenzangu ajue atakachokipata kwa fedha yake, maana baada ya kukisoma mara mbili na kukifundishia kwa wiki nzima nimeona kwamba ndani yake mna kurasa kama ishirini zinazostahili mara tatu ya bei hiyo, na nyingine nyingi ambazo mwandishi angeziacha tu, asingemdhulumu mtu.

Nianze na umbo lake, ambalo halina mengi. Ni kurasa 84 za karatasi nyepesi, zimebanwa kwa pini mbili, na za katikati zilichomoka kabla ya wiki ya pili kwisha. Picha za ndani ni nyeusi na hazionekani vizuri, kana kwamba zimetolewa fotokopi mara tano mfululizo. Herufi, hata hivyo, ni kubwa za kutosha kwa macho ya mtu wa umri wangu, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko nilivyotarajia. Kwa bahati mbaya mfasiri hakujitaja popote, wala mwandishi, kwa hiyo sifa na lawama zangu zote zitawafikia kwa upepo. Wale tuliosoma miaka ya sabini na themanini tunavikumbuka vitabu vya Kiswahili vilivyokuwa vikichapwa Moscow na kuletwa hapa kwa bei ya kutupa. Vile vilikuwa vimeshonwa kwa uzi, na baadhi viko mzima hadi leo kwenye kabati langu.

Leontiy Magnitsky alizaliwa mwaka 1669 katika mji wa Ostashkov, kando ya ziwa Seliger nchini Urusi, katika familia ya wakulima. Kijitabu kinaanza hapo na kinaanza vizuri, kwa sababu kinamweka mtoto huyo ziwani na sokoni kabla ya kumpeleka ikulu. Alijifunza kusoma angali nyumbani, na mwaka 1684, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi, alitumwa pamoja na shehena ya samaki kwenda kwenye monasteri ya Mtakatifu Joseph huko Volokolamsk. Watawa walipogundua kwamba kijana aliyewaletea samaki anasoma maandiko bila kugugumia, walimbakiza awe msomaji wao, na baadaye akapelekwa Moscow. Nilipowasomea watoto wangu wa tuisheni ukurasa huo, kule barazani kwangu Ujiji, mmoja wao, ambaye baba yake ana mtumbwi wa dagaa Kibirizi, aliuliza walikuwa samaki gani na ilikuwaje wasiharibike njiani. Kijitabu hakisemi. Ni swali la mtu anayejua kwamba dagaa wakikosa jua siku mbili ni hasara, na nilijuta kwamba mwandishi hakuwahi kufikiria kuwa angesomwa na mtoto wa mvuvi.

Moscow alisoma katika Chuo cha Kislavoni, Kigiriki na Kilatini, ambako hisabati haikufundishwa kabisa. Hisabati aliichimba mwenyewe kutoka vitabu vya Kilatini na Kigiriki, na lugha nyingine za Ulaya, ambazo ni Kijerumani, Kiholanzi na Kiitaliano, alijifunza pasipo mwalimu. Jina la Magnitsky halikuwa la ukoo wake. Masimulizi yanasema kwamba alipewa na Tsari, yaani mfalme wa Urusi, Peter wa Kwanza, aliyevutiwa na maarifa yake akamfananisha na sumaku (magnit kwa Kirusi) inayovuta chuma. Kijitabu kinatumia kurasa tisa nzima kwa mazungumzo ya Tsari na mwalimu, kwa maneno ambayo hakuna aliyekuwapo kuyaandika, na hapo ndipo nilipoanza kuruka kurasa. Sifa zikizidi kipimo huwa kama mawese yaliyozidi kwenye mboga: chakula kipo, ila huonji kitu kingine.

Kuanzia ukurasa wa 27 mambo yanatengemaa. Peter alikuwa amesafiri Uholanzi na Uingereza miaka ya 1697 na 1698 kujifunza namna nchi hizo zinavyounda meli, akarudi na walimu wa kuajiriwa, na kwa amri ya Januari 1701 akaanzisha jijini Moscow Shule ya Hisabati na Ubaharia, ambayo makao yake yakawa katika mnara wa Sukharev, huo huo wa jaladani. Mwalimu wake mkuu wa fani hizo alikuwa Henry Farquharson, Mskoti kutoka Aberdeen, akisaidiwa na vijana wawili wa Kiingereza. Magnitsky aliingizwa mwaka huo huo kama msaidizi na kupewa kazi ya kuandika kitabu cha kiada. Kwetu watu wa Kigoma, ambao tumezoea kuona meli ikisubiriwa bandarini na kujua kwamba nahodha asiyejua hesabu ni msiba unaoelea, si ajabu kwamba nchi inayotaka jeshi la majini ilianza na ubao wa hisabati. Wanafunzi walikuwa watoto wa makabaila, wa makarani na wa askari. Waliojua kusoma waliingia moja kwa moja kwenye tarakimu, wasiojua wakaanzia kwenye herufi, na waliofika mbali walisoma jiometri, trigonometria, nyota na uongozaji wa meli. Watoto wa maskini walipewa posho ya kila siku.

Ndani ya sehemu hii mna barua moja ambayo peke yake ilinifanya nisijutie fedha yangu. Alexei Kurbatov, ofisa aliyeisimamia shule, aliandika mwaka 1703 kwamba walimu wageni wanafundisha kwa utaratibu, lakini mara nyingine wanaingia kwenye starehe, na kwa desturi yao hulala mara kwa mara na kwa muda mrefu. Tena wanafunzi wenye akili nyepesi huamriwa kuwangoja wazito. Magnitsky, anasema, yuko shuleni siku zote, akiangalia masomo ya vijana na tabia zao pia. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye chumba cha walimu anaijua barua hiyo bila kuisoma. Yuko mwenye cheo ambaye kipindi cha kwanza humkuta bado njiani, na yuko msaidizi ambaye chaki iko mfukoni kabla kengele haijagongwa. Karne tatu zimepita, na bado ningeweza kukutajia mmoja mmoja.

Kitabu alichoagizwa, yaani Arifmetika, kilitoka mwaka 1703 katika nakala 2,400, kikiwa na zaidi ya kurasa 600, ndani ya muda usiofika miaka miwili tangu aanze. Mwaka huo huo uliwekwa msingi wa jiji la St. Petersburg, na yakatoka pia majedwali ya logariti, ya kurahisisha kuzidisha na kugawanya, aliyoyatayarisha pamoja na hao walimu wageni. Kijitabu kinaeleza kwa subira jambo ambalo vitabu vya sifa huliacha, nalo ni kwamba Warusi hadi wakati huo walikuwa wakiandika hesabu kwa herufi za alfabeti yao, kila herufi ikiwa na thamani yake. Wazee wetu wa madrasa hapa Ujiji wanaoijua abjadi wataelewa mara moja, kwa sababu ni mtindo uleule wa alifu kuwa moja na ya kuwa kumi. Kuzidisha kwa herufi ni mateso. Magnitsky alichapa maelezo yake kwa herufi za kanisani, ambazo wasomaji wake walizizoea, lakini hesabu zote akaziweka katika tarakimu hizi tunazotumia sisi. Nusu ya ukurasa ilibaki nyumbani kwa msomaji na nusu ikamtoa nje, na mimi ninaona huo ndio ufundi wake mkubwa kuliko ujuzi wowote wa logariti.

Alilazimika pia kutafuta maneno. Lugha yake haikuwa na istilahi zilizotulia za kizidisho, kigawanyo na zao, na baadhi ya zile alizoziweka katika kitabu hicho ndizo Warusi wanazotumia mpaka leo. Hapa mfasiri wetu alikuwa na nafasi ya dhahabu, kwa kuwa nasi tulipitia njia hiyo wakati hisabati ya shule ya msingi ilipohamia kwenye Kiswahili: tulikaa na maneno kama asili na kiasi, na KDS na KKS (kigawe kidogo na kigawo kikubwa cha shirika), yakawa yanachekwa mwanzoni, kisha yakazaa watoto wanaoyatamka usingizini. Angeweka jedwali dogo la maneno ya Magnitsky na ya kwetu sambamba. Hakuweka, na mahali pengine anaandika “gawanyo”, pengine “kigawanyo”, pengine “mgawo” kwa kitu kilekile, jambo ambalo katika somo la hisabati ni sawa na kubadilisha kipimo cha debe katikati ya mauzo.

Sasa nifike kwenye zile kurasa ishirini. Kuanzia ukurasa wa 38 mwandishi anayaacha mambo ya ikulu na kukifungua kitabu chenyewe, akitoa mafumbo yake pamoja na namna ya kuyakokotoa. Nilianza na la wanafunzi. Mtu anamuuliza mwalimu ana wanafunzi wangapi, kwa kuwa anataka kumleta mwanawe, na mwalimu anajibu: wakija wengine wengi kama nilio nao, na nusu yao, na robo yao, na mwanao, watatimia mia moja. Watoto wangu saba walikimbilia kubahatisha. Baada ya dakika chache msichana wa darasa la saba aliondoa yule mtoto mmoja, akabaki na 99, akaona kwamba hao ni robo kumi na moja za idadi ya mwalimu, akagawanya, akapata 9 kwa kila robo, na wanafunzi 36. Alirudi nyuma akajumlisha 36, 36, 18, 9 na 1 bila mimi kumwambia ahakikishe. Lile fumbo ni la mwalimu anayejisema mwenyewe, anayejua kila mzazi huulizia msongamano wa darasa kabla ya ada.

La pili ni la kinywaji. Mume anamaliza kasiki la kvass kwa siku 14. Akinywa pamoja na mkewe wanalimaliza kwa siku 10. Je, mke peke yake atalimaliza kwa siku ngapi? Mfasiri ameandika togwa badala ya kvass, nami ninampa alama zote, kwa kuwa kvass ni kinywaji cha nafaka kilichochachuka kidogo, na mtoto wa hapa akisoma togwa anaonja fumbo badala ya kulitazama tu. Tulichukua KDS ya 10 na 14, ambayo ni 70. Wote wawili hunywa sehemu 7 kwa siku, mume sehemu 5, kwa hiyo mke hunywa 2, na sehemu 70 atazimaliza kwa siku 35. Mtoto mmoja akasema mama huyo anakunywa kidogo kwa sababu ndiye anayelitengeneza. Hilo halimo kwenye majibu ya kijitabu, lakini nimeliandika pembeni kwa penseli.

Kisha likaja la farasi, na hapo ndipo nilipogundua kasoro ambayo mnunuzi anapaswa kuijua. Mtu anauza farasi wake kwa rubo 156 (kila rubo ni kopeki mia), mnunuzi analalamika kwamba ni ghali, na muuzaji anamwambia: basi chukua farasi bure, nilipe misumari ya kwato zake tu, misumari sita kwa kila kwato, wa kwanza kwa robo ya kopeki, wa pili kwa robo mbili, wa tatu kwa robo nne, na kuendelea hivyo kwa kuongeza maradufu hadi wa ishirini na nne. Tulichora misumari 24 kwenye ubao wangu wa plaiwudi. Kufikia msumari wa kumi watoto walikuwa wanamcheka muuzaji, kwa maana bei yake ilikuwa robo 512 tu, yaani kopeki 128. Kufikia wa ishirini na nne hakuna aliyecheka, kwa kuwa msumari huo peke yake ni robo 8,388,608, ambazo ni zaidi ya rubo 20,971. Jumla yote ni robo 16,777,215. Ukigawanya kwa nne, halafu kwa mia, unapata rubo 41,943 na kopeki 3 na robo tatu. Tulihakikisha kwa mkono, kisha kwa kikokotoo cha simu. Kijitabu kimeandika 41,493.

Ni kosa la mpiga chapa, tarakimu mbili zimepishana, na katika kitabu cha hadithi nisingelitaja. Lakini mtoto mmoja, mpole kuliko wote, alikuwa tayari amefuta jibu lake sahihi kwenye daftari ili lifanane na la kitabuni, na ilinibidi nimwonyeshe hatua kwa hatua kwamba safari hii kitabu ndicho kilichokosa. Kadhalika mfasiri anaandika kopeki ukurasa mmoja na senti ukurasa unaofuata, na fumbo la kibarua aliyeahidiwa rubo 12 na joho kwa mwaka limekuja bila jibu kabisa. Kwa atakayelihitaji: aliondoka baada ya miezi saba akapewa rubo 5 na lile joho, kwa hiyo joho lilikuwa na thamani ya rubo 4 na kopeki 80.

Lalamiko langu kubwa, hata hivyo, si la tarakimu. Mwaka 1715 kilifunguliwa Chuo cha Wanamaji huko St. Petersburg, Farquharson akahamia huko pamoja na masomo ya juu, na Moscow ikabaki na shule ya maandalizi. Mwaka 1716 Magnitsky akawa mkuu wake, na akaendelea nayo mpaka alipofariki mwaka 1739. Hiyo ni miaka 23 ya ukuu wa shule, na kijitabu kimeipa kurasa mbili! Kurasa tisa za Tsari na sumaku, kurasa mbili za mtu aliyebaki na majengo na watoto baada ya wenye majina kuondoka. Nilikuwa mwalimu wa taaluma kwa miaka kumi na moja, na ninajua kwamba shule inayonyang'anywa madarasa yake ya juu hubaki na kazi ileile ya mahudhurio, chakula na watoro, ila bila heshima ya awali.

Na habari zipo za kusimuliwa. Tangu mwaka 1714 Peter alikuwa ameagiza shule za tarakimu zifunguliwe mikoani kwa ajili ya watoto wa makabaila na makarani, na walimu wa kuzianzisha walitakiwa watoke katika shule hii ya Moscow, wawili kwa kila mkoa. Amri hiyo ilikuwa na meno, kwani kijana wa kikabaila asiyekuwa na cheti cha hisabati hakuruhusiwa kufunga ndoa. Nilipowaambia hilo watoto walipiga kelele hadi jirani akachungulia. Kijitabu kinaligusa kwa sentensi moja na kupita, wakati lingeweza kueleza jinsi kitabu kilichoandikwa mnarani kilivyosafiri mikoba kwa mikoba. Mikhail Lomonosov, mtoto wa mvuvi wa kaskazini aliyekuja kuwa mwanasayansi mkubwa wa Urusi, alikipata kitabu hicho kijijini kwao, na alikuwa akikiita, pamoja na kitabu kimoja cha sarufi, malango ya elimu yake. Hilo angalau mwandishi amelisimulia kwa utulivu, naye mvuvi wangu mdogo wa Kibirizi aliniomba nirudie.

Makosa mengine ni madogo, lakini mwalimu ayajue. Ukurasa wa 30 unasema mnara wa Sukharev unaonekana mpaka leo. Ulibomolewa mwaka 1934. Tarehe ya kifo ni 19 Oktoba katika sura ya mwisho na 30 Oktoba katika jedwali la miaka, na mwanafunzi atadhani moja ni kosa, kumbe zote ni sahihi: ya kwanza ni ya kalenda ya zamani ya Urusi, ambayo karne ile ilikuwa nyuma ya ya sasa kwa siku 11. Kwa upande mwingine, ukurasa wa mwisho kabisa ni mzuri. Unasimulia jinsi wachimbaji wa reli ya chini ya ardhi ya Moscow walivyolikuta jiwe la kaburi lake mwaka 1932, likiwa na maneno yaliyoandikwa kwa agizo la mwanawe, na mwandishi anaishia hapo bila hotuba.

Anayetaka kitabu cha kumsomea mtoto kabla ya kulala asihangaike nacho. Anayefundisha darasa la sita hadi kidato cha pili akinunue, aanzie ukurasa wa 27, akifika wa 38 atulie hapo kwa majuma mawili, na aandae gundi ya kurasa za katikati. Jumamosi nilipita tena dukani, nikakuta zimebaki nakala nne. Nilimwonyesha binti ile 41,493, akaniazima kalamu nyekundu, tukasahihisha nakala zote nne juu ya kaunta wakati mteja wa bahasha anasubiri. Alipomaliza kuzipanga alizitazama, akaniambia kwamba sasa kwa kuwa zimesahihishwa na mwalimu, bei inarudi elfu sita.